Miezi 24 imekuwa 18

Jamani leo nimeongea na binamu yangu wa Tanga, kapata chuo Uingereza, masta ya mwaka mmoja, anaanza Septemba.

Akaniwekea daftari mbele ya kamera. Hesabu zote kwa mkono, ada, kodi ya chumba, bima ya afya ya viza, na chini kabisa: kazi miezi 24, kurudisha hela ya shamba la mama.

Ikabidi nimwambie. Ukiomba viza ya Graduate, ile ya kubaki kufanya kazi ukimaliza chuo, kuanzia 1 Januari 2027 unapewa miezi 18 tu, wa PhD ndo wanabaki na miaka 3. Na mume na mtoto asiwaweke kwenye mipango, tangu Januari 2024 masta za kawaida huruhusiwi kuja na familia.

Kanyamaza.

Nikasikia peni inakwaruza, kakata 24, kaandika 18 pembeni kwa herufi ndogooo, akaanza kugawa upya.

Imeniuma mno. Wakala aliyemjazia fomu kala hela yake na haya yote hakumwambia, na shamba ndo lishauzwa hivyo!

Mi huwa naingia mwenyewe gov.uk, tovuti ya serikali ya Uingereza, kusoma, nyie mlioko huku mnafuatiliaje? Na anayejua waajiri wanaodhamini viza ya kazi aniandikie tafadhali, nimfikishie.