Siku moja kitaluni na siklameni zangu, Tabora mwezi wa saba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwezi wa saba Tabora kunapoa jamani, watu wanaamka wanatafuta masweta na mimi baridi hii ndo naingoja mwaka mzima. Hata moto wa chai sijawasha nishatoka na tochi kuangalia kipimajoto kwenye kibanda changu cha kupozea maua chenye kuta za mkaa, leo kimesoma 14. Nimefurahi sana maana siklameni, ua la kwenye poti linaloota kutoka kwenye kiazi, ndo inachotaka hicho, usiku nyuzi 13 mpaka 16 hivi na mchana isizidi sana 20, ikizidi kwa siku nyingi majani yanaanza umanjano na ua linajiandaa kulala.

Kitalu changu kiko pembeni ya barabara ya kwenda Kwihara. Kinachonilisha ni miche ya maembe, mipapai, miashoki na bogenvilia, hiyo ndo inayotoka kila siku. Siklameni ziko nyuma, poti 38, na nyingi siuzi.

Saa moja chai na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, alafu kijana wangu anafika tunaanza kumwagilia. Yeye viriba vya maembe kwa ndoo na kopo, mimi nyuma kule simwachii mtu. Siklameni haimwagiwi juu, kile kiazi chake kimekaa nusu nje ya udongo na katikati kina kibonde pale majani yanapotokea, maji yakituama pale unapata ukungu wa kijivu na kwa wiki moja kiazi kimekuwa uji. Kwahiyo natia maji kwenye sahani chini, poti inakunywa yenyewe kama dakika ishirini, yanayobaki namwaga. Na jani likizeeka silikati kwa mkasi, nashika kikonyo chini kabisa nazungusha kidogo navuta kwa mara moja, maana ukikata kile kipande kinachobaki kinaoza na kuoza kunashuka mpaka kwenye kiazi.

Saa nne kaja mama mmoja mtu mzima wa Cheyo, kabeba poti kwenye kikapu kaifunika na kanga kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ua lako limekufa, nimekurudishia poti yako."

Alinunua mwaka jana mwezi wa nane, likamchanulia vizuri, mwezi wa kumi majani yakaisha yote. Nikafukua udongo kidogo nikabonyeza kiazi kwa dole gumba. Kigumu kama kiazi cha jana! Nikamwambia mama hili halijafa limelala, akanitazama, "limelala tangu mwezi wa kumi?" Nikamvutia stuli tukakaa maana hili jambo nalipenda kulieleza vizuri.

Siklameni hii ya kwenye poti, wataalam wanaiita Cyclamen persicum, jina linakupeleka Uajemi lakini Iran yenyewe haioti porini, kwao ni Uturuki, Syria, Lebanon, Cyprus na huko Tunisia na Algeria. Kule mvua inanyesha wakati wa baridi, na joto likija linakuja na ukame. Kwahiyo ua limejifunza hivyo, baridi na maji inaamka, joto na ukavu inalala. Sasa sisi Tabora ni kinyume chake kabisa, mvua zetu zinaanza mwezi wa 11 na joto bado lipo, na baridi inakuja kiangazi hakuna hata tone. Ukiliacha nje lifuate majira yetu linanyeshewa likiwa limelala, linaoza. Wewe ndo uwe mvua yake kuanzia mwezi wa nne, na mwezi wa kumi uwe ukame wake, unaliingiza barazani kwenye kivuli unalisahau. Yule mama bila kujua alifanya sawa, aliona limekufa akalitupia chini ya meza jikoni halijaguswa na maji mpaka leo. Tukaangalia vizuri juu ya kiazi kuna vichomozo vyekundu vidogo kama vichwa vya kiberiti. Limechelewa kuamka tu. Akacheka sana, akalifunika tena na kanga akarudi nalo kwake.

Saa sita mpaka saa nane jua kali, nje kipimajoto 27 na kwenye kibanda 20. Kibanda chenyewe nilijenga mwaka juzi, kuta mbili za waya katikati nimejaza mkaa, tunaulowesha asubuhi na mchana, upepo mkavu ukipita kwenye mkaa wenye maji unaingia ndani umepoa. Kiangazi kinafanya kazi vizuri mno, masika hewa ikiwa na unyevu hakisaidii kitu, lakini masika zenyewe zimelala kwahiyo tunaenda sawa.

Nimekula ugali na nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa, ya karanga humohumo kibandani nikiziangalia. Watu wanasifia ua, zile petali zilizogeuka nyuma kama kitambaa kwenye upepo, mimi kwakweli ni mtu wa majani. Hamna mawili yanayofanana, moja lina ukingo wa fedha, jingine fedha yote katikati kimebaki kijani kidogo umbo la mti. Zipo aina zaidi ya 20 duniani. Nina miche minne ya aina inayoitwa hederifolium, majani yana pembepembe na mizizi yake inatokea juu ya kiazi badala ya chini, ndo maana yenyewe unaifukia. Aina ya coum sijaijaribu, ile inachanua na theluji juu yake siwezi kuitesa hapa. Lakini ninayoiota ni somalense. Iko milimani kaskazini mashariki ya Somalia, ilitambulishwa kwa sayansi 1989 na wataalam wa mimea Thulin na Warfa, yaani siklameni ya Afrika yetu hii ya mashariki, imejificha kwenye mawe ya chokaa huko peke yake mbali na ndugu zake wote.

Saa tisa kazi ya ukucha, kuchavusha maua ili yatoe mbegu. Nagonga ua taratibu unga wa njano unaanguka kwenye ukucha wa dole gumba, nagusisha ile ncha inayochungulia katikati ya ua jingine. Nimefanya maua 11. Jirani kapita kaomba kipande akapande kwake, watu wamezoea marando ya viazi unakata unachomeka, nikamwambia dada hii si ya kugawanya, ukikata kiazi mara nyingi kinaoza, njia ya uhakika ni mbegu. Nikamwahidi mbegu.

Na mbegu nayo nilishaumia. Mara ya kwanza nilipanda 60 mwezi wa kumi kwenye joto, haikutoka hata moja, joto likizidi 20 na kitu mbegu inagoma. Siku hizi naloweka siku nzima, nafukia sentimita moja, nafunika giza kabisa, mwezi wa tano, na nasubiri mwezi mpaka miwili.

Saa kumi na moja jioni kijana akaniita kwenye viriba vya maembe karibu na ukuta wa kibanda, "dada hii magugu gani nising'oe?" Nimeinama, jani moja tu la mviringo kama ukubwa wa kifungo cha shati, kikonyo chekundu, na mstari mwembamba wa fedha. Mbegu za siklameni zina utamu unaonata juu yake, sisimizi wanazibeba wanakula ule utamu mbegu wanaitupa. Mwaka jana tunda moja lilipasuka kabla sijaliwahi nikakuta tupu, nikasema basi.

Kiriba tumekihamishia ndani pamoja na mche wake wa embe, sijathubutu kuwatenganisha. Saa kumi na mbili na nusu nimefunga geti, kipimajoto 19 na kinashuka.