Mti wa jina la babu: tawi la Aloyce limenirudisha nyuma

Manila ya kwanza nimeichana leo asubuhi, kazi ya wiki tano. Nilikuwa nimemchora Ludoviko, jina la babu, tawi lake, na Aloyce tawi jingine kabisa. Kumbe ni jina moja. Na babu alijua: mzee Aloyce wa jirani alikuwa akimwita "somo", sisi wajukuu tukidhani anamtania.

Shina ni Kijerumani cha kale, vipande viwili: hlud, mwenye sifa zinazovuma, na wig, vita. Mfalme wa Wafaranki, kabila la Kijerumani, aliyefariki 511 alikuwa na jina hilo. Makarani wa Kilatini, wakihangaika na ile H ya mwanzo, wakamwandika Chlodovechus. Wafaransa wa leo humwita Clovis. Baadaye H ikamezwa, ikabaki Ludovicus. D nayo ikayeyuka midomoni mwa Wafaransa, likatoka Louis. Hesabu ya wafalme wao walioitwa Louis haianzi na Clovis, jambo ambalo mimi naona ni dhuluma kidogo.

Jana usiku nilikesha na Viapo vya Strasbourg vya 842. Wajukuu wawili wa Karolo Mkuu, Ludwig na Charles, waliapa kusaidiana dhidi ya kaka yao Lothar, kila mmoja kwa lugha ya askari wa mwenzake ili wamwelewe. Upande wa Kirumi cha mitaani, kilichokuja kuwa Kifaransa, jina la Ludwig limeandikwa Lodhuuigs. Upande wa Kijerumani ni Ludhuuuige, u tatu zimefuatana! Nilidhani mchapaji kakosea. La: W ilikuwa bado inaandikwa kwa u mbili, na ile ya kwanza ni irabu. Nimeinakili kwa kalamu nyekundu katikati ya mti.

Sasa Aloyce. Luigi ndiyo Ludovicus ya Kiitaliano. Luigi Gonzaga, kijana wa Kiitaliano, alifariki Roma mwaka 1591 akiwa na miaka 23, baada ya kuwahudumia wagonjwa wa tauni. Kwa Kilatini akaandikwa Aloysius, akatangazwa mtakatifu 1726, na wamisionari wakaja naye huku kwetu. Uganda hata jina la ukoo wake likawa la ubatizo: Gonzaga Gonza, mmoja wa mashahidi waliouawa 1886.

Manila mpya nimeilaza kwa upana safari hii. Lajos, ndiyo Ludoviko ya Wahungaria, bado hajapata pa kukaa.