Saruji Hadi Shinani

Nimerudi nyumbani kwetu, nakuta wamepiga saruji uani hadi kwenye shina la mwembe. Kuanzia langoni mpaka nyuma ya jiko, kijivu kitupu, na katikati wametandika vigae vyenye rangi ya udongo, kana kwamba udongo wenyewe ulikuwa na kasoro. Kaka ananitembeza akijisifu: "Siku hizi hapa hakuna tope, mdogo wangu." Kweli, tope hakuna. Na wale nyuki je?

Mliokulia kwenye nyumba za zamani mnajua ninaowasema. Wale wa asali wana mizinga yao, hao sina shida nao. Nasema wale wanaokaa mmoja mmoja, kila jike na tundu lake, kwenye ukuta wa udongo unaopigwa na jua la asubuhi na kwenye ile ardhi ngumu iliyokuwa inafagiwa mpaka inang'aa. Tulikuwa tukichuchumaa kuwatazama wakiingia na chavua ya njano miguuni, bibi akitukaripia tutoke juani. Ukuta ule sasa una plasta, na juu ya plasta rangi.

Huko ughaibuni nilikokuwa watu wanatoa pesa kuwanunulia nyuki kama hao matundu. Dukani kuna vibanda vidogo vya mbao, vina paa la kupendeza na vipande vya mwanzi ndani, vinaitwa hoteli za nyuki. Mtu anatundika kimoja bustanini halafu anawaalika wenzake waje kukiona. Nikawa nacheka kimoyomoyo: sisi kwetu tunayo hayo bure. Kumbe huku nyumbani fundi alikuwa analipwa kuyaziba.

Na hata hizo hoteli hazifidii kilichopotea. Aina za nyuki zinazojulikana duniani zimepita 20,000, na sehemu kubwa yao huishi peke yao, bila malkia wala vibarua. Wengi wa hawa wapweke hawatagi kwenye mwanzi wala kwenye mbao, wanachimba ardhini. Wanachotaka ni udongo ulio wazi, unaopata jua, usiotuama maji, usiolimwa wala kufunikwa na majani makavu. Jike anachimba kishimo chembamba, anatengeneza vyumba, na kila chumba anaweka donge la chavua iliyochanganywa na mbochi, yale maji matamu ya maua. Juu ya donge anataga yai moja, anafunga, anaanza chumba kingine. Mama hufa bila kuwaona wanawe. Buu anakula akiba yake gizani, anakua, na wakati wake ukifika anatoboa kutoka. Kaka alipokuwa anasimamia zege kumwagwa, watoto walikuwa humo chini. Nimemwambia hivyo hivyo. Akaniangalia kama mtu aliyerudi na ugonjwa wa ughaibuni.

Basi akabadilisha mazungumzo, akaanza kulalamikia mpasheni wake. Anasema unachanua vizuri, maua yanaanguka, matunda hakuna, labda mbegu ni mbovu. Nikamuuliza: yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, umemwona lini? Akasema, kwa fahari tena, kwamba huyo walimmaliza. Boriti zilipakwa dawa na matawi makavu ya mwembe yakakatwa yote. Haya, ndiyo hesabu yenyewe. Ua la mpasheni ni kubwa, na chavua yake imekaa juu. Nyuki wa asali ni mdogo, anaweza kupita chini akabeba kitu chake bila kugusa panapotakiwa. Yule mweusi ndiye ana kimo cha kupakwa chavua mgongoni na kuifikisha kwenye ua jingine, na mpasheni wa matunda ya njano unataka hasa chavua kutoka kwenye mche mwingine. Asipokuwepo, utazunguka na brashi mkononi kufanya kazi yake, ua baada ya ua. Tena ndiye yule anayeng'ang'ania ua la nyanya na kulitetemesha kwa mngurumo mpaka chavua ianguke, jambo ambalo nyuki wa asali hafanyi. Mbao hali, anachonga tu apate chumba. Ukitaka aache boriti zako, mwachie gogo kavu lisilo na rangi wala dawa, mahali pasiponyeshewa.

Mnaoniuliza namna ya kutengeneza matundu, sawa, nitasema, ingawa kwangu udongo ndio kwanza. Chukua mwanzi au matete makavu, yawe wazi upande mmoja tu. Fundo la mwanzi lenyewe litaziba nyuma. Upana wa tundu uwe kati ya milimita 3 na 10, changanya, maana kila aina ina kipimo chake. Urefu ufike sentimita 15 hivi. Ule mfupi unaouzwa kwa urembo ni hasara: jike hutaga mayai ya majike huko ndani kabisa na ya madume karibu na mlango, kwa hiyo mrija mfupi unakuzalia madume wengi na majike wachache. Ukitumia gogo, toboa ubavuni badala ya kwenye kichwa lilipokatwa, kwa sababu kichwa hupasuka likikauka. Piga msasa mdomoni, vibanzi vinachana mabawa. Mirija ya plastiki achana nayo, inatunza unyevu na mabuu wanaota ukungu.

Kibanda chenye mirija kifunge imara ukutani, usawa wa kifua cha mtu au zaidi, kitazame jua la asubuhi, kiwe na paa linalotokeza. Kikining'inia na kuyumba na upepo, hawakai. Mrija ukiuona umezibwa kwa tope au kwa vipande vya majani, kuna mtu ndani, usichokonoe. Waliokwisha kutoka, tupa mirija yao uweke mipya, la sivyo utitiri na nyigu wavamizi watajaa humo. Acha mahali pamoja penye tope kidogo, kuna nyuki waashi wanaolihitaji kujengea. Na majani ya waridi yakikatwa miviringo safi kama ya mkasi, usikimbilie dawa, ni nyuki anatafuta kuta za chumba. Dawa ya kupulizia ndiyo mwisho wa habari yote. Wengi wa hawa hawaruki mbali na kiota, mita mia chache tu, hawana pa kukimbilia.

Baada ya mabishano nimepewa ukanda nyuma ya tangi la maji. Fundi amekuja na nyundo, saruji imebanduliwa, nimeacha udongo mtupu upande wa jua na kupanda alizeti, mrehani na mbaazi pembeni. Masharti ya kaka: magugu yasionekane kutoka barazani, na mwanawe akiumwa na nyuki, gharama ni zangu. Nimekubali palepale. Dume hana mwiba kabisa, na jike hana asali wala kundi la kulitetea, kwa hiyo hachomi ovyo, labda umbane kiganjani. Nilichomwomba mimi ni kimoja, asirudi na zege nikisafiri, na hilo bado hajalijibu.