Nani Atamrudisha Kwenye Kauli Yake?

Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za vikao. Nimekaa pembeni ya meza za bodi, za kamati, za vyama vya wafanyakazi na za wakuu wa idara, kwanza na kalamu, baadaye na kompyuta mpakato. Sehemu ya kikao ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo wengi huiona ya kupotezea muda: yatokanayo. Kabla ya mambo mapya, mwenyekiti anafungua kumbukumbu za kikao kilichopita na kupitia hoja moja baada ya nyingine. Ulisema utaleta taarifa ya manunuzi, iko wapi? Ulisema mkandarasi ameshalipwa, mbona ameandika barua ya kudai? Pembeni ya kila hoja kuna safu mbili, mhusika na muda. Jina likishaingia kwenye safu ya mhusika halifutwi kwa sababu tu mwenye jina amepanda cheo.

Nimeona watu wazima wakitokwa jasho kwenye agenda hiyo. Nimeona pia inavyowanyoosha. Mtu anayejua kwamba mwezi ujao ataulizwa husema "sina uhakika, nitafuatilia", pale ambapo angeweza kutoa jibu la uongo na kikao kikampigia makofi. Ndiyo maana ninapomsikia kiongozi mkubwa akitamka jambo ambalo kila aliye ukumbini anajua si kweli, hasira yangu haikai kwake muda mrefu. Inawaendea waliokaa kushoto na kulia kwake. Kuna mtu pale ana kazi ya kumrudisha kwenye kauli yake, analipwa kwa kazi hiyo, na anaangalia simu.

Kisa ninachokirudia kila ninapobishana na watu kuhusu jambo hili ni cha Nkandla.

Novemba 2012, Rais Jacob Zuma alisimama mbele ya Bunge la Afrika Kusini akasema makazi yake ya Nkandla, KwaZulu-Natal, yamejengwa na familia yake, majengo yote na kila chumba wanachokitumia, na kwamba serikali haikuyajenga. Machi 2014, Thuli Madonsela, aliyekuwa akiongoza ofisi ya kikatiba inayochunguza mwenendo wa viongozi na watumishi wa umma, alitoa ripoti yake. Mradi ulioitwa wa usalama wa Rais ulikadiriwa kufikia randi milioni 246. Ndani yake mlikuwa na bwawa la kuogelea, zizi la ng'ombe, banda la kuku, ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia na kituo cha kupokelea wageni. Madonsela alisema vitu hivyo vitano havikuhusiana na usalama, na kwamba Rais alipe sehemu inayostahili ya gharama zake.

Kuna jambo katika ripoti ile ambalo watu wengi hulipita. Madonsela hakumwita Zuma mwongo. Aliandika kwamba ile kauli ya bungeni ingeweza kuchukuliwa kuwa ilipotosha Bunge, lakini ilionekana ni kosa lililofanywa kwa nia njema, pengine Rais alikuwa akiwaza nyumba za kuishi tu. Yaani mlango uliachwa wazi kabisa. Angeweza kurudi bungeni wiki ileile, akasema nilikosea, hivi hapa ndivyo vilivyojengwa kwa fedha za umma, nitalipa. Ninaamini wananchi wengi wangelipokea hilo. Mimi ningelipokea.

Badala yake, serikali nzima iliingia kazini kuitetea sentensi moja. Mei 2015, Waziri wa Polisi Nkosinathi Nhleko alileta ripoti yake iliyosema Rais hadaiwi hata senti. Bwawa la kuogelea, kwa maelezo yake, lilikuwa chanzo cha maji ya kuzimia moto, na waandishi wa habari walionyeshwa video ya wazimamoto wakivuta maji humo. Ule ukumbi wenye ngazi ukawa ukuta wa kuzuia udongo usiporomoke. Waziri, wataalamu, wapiga picha, watu wenye elimu na mishahara ya umma, wote wakiwa wamepewa kazi ya kueleza kwamba bwawa la kuogelea si bwawa la kuogelea. Agosti mwaka huohuo wabunge walio wengi wakaipitisha ripoti ya Waziri. Nikiwaza makarani wa Bunge lile waliokaa wakiandika maneno hayo yote, moyo unaniuma kwa niaba yao.

Tarehe 31 Machi 2016 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu ya majaji wote kwa kauli moja, ikasomwa na Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng. Rais alishindwa kuitetea na kuiheshimu Katiba. Na Bunge nalo, kwa kupitisha azimio la kumsafisha badala ya kumwajibisha, lilikwenda kinyume cha Katiba. Sehemu hii ya pili ndiyo ninayoithamini zaidi. Mahakama haikuishia kwa aliyesema. Iligeuka ikawatazama waliopaswa kumuuliza.

Kesho yake jioni Zuma alilihutubia taifa. Aliomba radhi kwa kero na mkanganyiko uliosababishwa na suala hilo. Soma tena maneno hayo, kisha utafute ni nani alifanya nini. Nimeandika radhi za namna hiyo mara nyingi mno mezani kwangu: tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza, kana kwamba usumbufu ulikuja wenyewe kwa miguu. Siku chache baadaye hoja ya kumwondoa madarakani ilipigiwa kura: 143 wakaunga mkono, 233 wakakataa. Siku tano baada ya majaji kuwaambia wabunge kwamba wameshindwa kazi yao, wakashindwa tena, na safari hii idadi yao imeandikwa.

Hazina ilipokokotoa kiasi cha kurejesha, ilifika randi milioni 7.8, chini ya asilimia 4 ya zile 246. Alilipa Septemba 2016 kwa fedha za mkopo wa benki. Aliondoka Ikulu Februari 2018, pale chama chake mwenyewe kilipoona kumbakiza kuna gharama kuliko kumtoa.

Ukiishia hapo, unaweza kusema mwisho wa yote haki ilitendeka. Siwezi kuishia hapo, kwa sababu katika uchaguzi wa Mei 2024 chama kipya kilichoongozwa na Zuma kilipata zaidi ya asilimia 14 ya kura na kushika nafasi ya tatu nchi nzima. Wapiga kura hao wana sababu zao, nyingine nzito, na siwadharau. Lakini lazima niwahesabu, kwa sababu kiongozi anayefikiria kudanganya leo anawahesabu.

Watu hupenda kusema hayo ni matatizo ya nchi zetu. Basi twende Uingereza, kwenye Bunge ambalo taratibu zake zimeigwa na mabunge mengi tunayoyajua. Usiku wa kuamkia mazishi ya Mwanamfalme Philip, Aprili 2021, ofisini kwa Waziri Mkuu kulikuwa na sherehe za kuwaaga wafanyakazi wawili, na kesho yake Malkia aliketi peke yake kanisani akimuaga mumewe, kwa sababu masharti ya UVIKO-19 yalitaka hivyo. Tarehe 1 Desemba 2021, taarifa za sherehe za ofisi ile zilipokuwa zinaanza kuvuja, Waziri Mkuu huyo, Boris Johnson, aliliambia Bunge kwamba miongozo yote ilifuatwa kikamilifu. Hadi polisi wanamaliza uchunguzi walikuwa wametoa faini 126 kwa watu 83, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Sasa, miezi michache kabla ya kauli hiyo, mbunge Dawn Butler alisimama katika ukumbi uleule akasema Waziri Mkuu amelidanganya Bunge na nchi mara kwa mara, akihusisha madai mengine kabisa. Aliambiwa aondoe maneno yake. Alikataa. Akaamriwa kutoka nje kwa siku hiyo, kwa sababu kanuni zinakataza mbunge kumwita mwenzake mwongo ukumbini. Naielewa sababu ya kanuni hiyo, matusi yakiruhusiwa hakuna mjadala. Ila bado nasoma kumbukumbu za siku ile nikiwa na uchungu. Kanuni iliyokuwa na meno siku hiyo ilimng'ata aliyesema.

Na bado Waingereza walifanya jambo moja ambalo wale wabunge 233 hawakulifanya. Kamati ya Bunge ya watu 7, wanne kati yao wakiwa wa chama cha Johnson mwenyewe, ilikaa na kauli zake kwa tarehe, ikamhoji juu ya kila moja. Juni 2023 ikasema alilipotosha Bunge kwa makusudi, na kwamba kama asingekuwa ameshajiuzulu ubunge, ingependekeza asimamishwe siku 90. Bunge likapitisha ripoti hiyo kwa kura 354 dhidi ya 7. Wale wanne ndio ninaowafikiria. Walipigwa maneno makali na wenzao wa chama. Waliisoma kauli, wakatazama tarehe, wakaandika walichokiona. Hakuna kipaji cha pekee kinachohitajika hapo. Mhasibu wa kawaida hufanya hivyo kila mwisho wa mwezi.

Kukiri nako, bila mtu wa kufuatilia, hakufiki mbali. Waziri Mkuu wa Hungary, Ferenc Gyurcsány, aliwaambia wenzake kwenye kikao cha ndani Mei 2006 kwamba walikuwa wamedanganya asubuhi, usiku na jioni. Sauti ikavuja Septemba. Watu wakajaa mitaani Budapest, jengo la televisheni ya taifa likavamiwa. Oktoba bunge likampigia kura ya imani, naye akaendelea hadi 2009.

Nasikia wakisema wananchi wameshazoea uongo wa viongozi. Sikubali. Ninaowafahamu hawajazoea, wamejifunza kwamba kuuliza kuna bei. Karani akighushi risiti anasimamishwa kazi kabla ya wiki kwisha. Mwanafunzi akinakili mtihani anafutiwa matokeo. Watu haohao jioni wanamsikiliza mtu mwenye dhamana kuliko wao wote akisema "maneno yangu yamepotoshwa" wakati video yake iko kwenye simu zao, na hakuna anayempa hata barua ya kujieleza. Kinachofuata si mazoea. Ni mtu mwenye akili kuamua kunyamaza, kuacha kupiga kura, kuacha kusoma taarifa yoyote yenye nembo ya serikali, hata ile ya kweli. Wakati wa mlipuko wa ugonjwa, huyo huyo ataambiwa afuate ushauri wa serikali, na hatakuwa na sababu ya kuamini. Hilo linanitia hofu kuliko fedha zilizopotea.

Mwenyekiti mmoja aliwahi kuniita ofisini kwake kabla kumbukumbu za kikao hazijathibitishwa. Alikuwa amewaambia wajumbe kwamba fedha za mradi zimetoka. Hazikuwa zimetoka. Aliniomba, kwa upole na kwa kuniita mwanangu, nirekebishe isomeke kwamba fedha zimetengwa. Nilimjibu kwamba marekebisho hufanyika kikaoni, mbele ya wajumbe wote, na nitaandika nani ameyaomba na kwa sababu gani. Alinitazama kwa muda. Siku ya kikao hakuomba marekebisho yoyote. Ilipofika agenda ya yatokanayo, mjumbe mama mmoja, mtu asiyepaza sauti kamwe, alisoma ile sentensi neno kwa neno kutoka kwenye karatasi yake akauliza fedha ziko wapi. Mwenyekiti akasema ukweli. Kikao kiliendelea, hakuna aliyekufa, na mradi ukapangiwa upya tarehe inayowezekana.

Huwa najiuliza ni lini mama yule atapewa kiti mbele ya watu wanaotuongoza.

Kwa sasa nafanya ninachokiweza. Kiongozi mmoja wa kuchaguliwa, ambaye kura yangu ni mojawapo ya zilizomweka pale, alitangaza kwenye mkutano wa hadhara kwamba wodi mpya ya wazazi imekamilika na inapokea wagonjwa. Nilikwenda. Milango ilikuwa na kufuli, ndani hakuna kitanda hata kimoja, na mjamzito niliyemkuta nje alikuwa anatafuta usafiri wa kwenda hospitali nyingine. Nikamwandikia kiongozi barua ya ukurasa mmoja: tarehe ya mkutano, maneno yake kama yalivyorekodiwa, picha ya mlango, na swali moja, ni lini wodi itafunguliwa. Nakala nikazipeleka kwa wajumbe wa baraza lake, kila mmoja kwa jina, kwa sababu kumuuliza ni kazi yao kabla ya kuwa yangu.

Ofisi yake ikajibu kwamba suala langu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Nimeandika tena. Nimeuliza limepokelewa na nani, anayelifanyia kazi anaitwa nani, na atamaliza tarehe ngapi. Kati ya wajumbe wote, mmoja amenipigia simu akaomba nimtumie ile picha ya mlango, anataka kuiwasilisha kwenye kikao kijacho. Nimemtumia, pamoja na rekodi ya mkutano.