Chakula Kilicho Kadiri Yangu

Wapendwa katika Kristo,

Somo letu la juma hili limo katika Mithali 30:7-9, nalo ni sala ya Aguri bin Yake, mtu ambaye Maandiko hayatupi habari zake mahali pengine popote. Anamwambia Mungu kwamba ana haja mbili tu kabla hajafa, kisha anazitaja: “Uniondolee ubatili na uongo, usinipe umaskini wala utajiri, unilishe chakula kilicho kadiri yangu. Nisije nikashiba nikakukana, nikasema, Bwana ni nani? Wala nisiwe maskini sana, nikaiba, na kulitaja bure jina la Mungu wangu.”

Katika mikesha yetu ya maombi, kuanzia Mikindani hadi Bamburi hapa Mombasa, tumewasikia watu wakiomba kazi, wakiomba kiwanja, wakiomba biashara ifunguke na safari ya Ghuba ipatikane. Hayo ni maombi halali, na aliyelala na njaa hana haja ya kufundishwa kuomba na mtu aliyeshiba. Hata hivyo sijapata kumsikia mtu akisimama katikati ya mkesha na kumwomba Mungu asimpe utajiri. Nadhani akitokea, wazee watamwekea mikono wakidhani amepatwa na jambo.

Tuangalie kwanza mpangilio wa maneno ya Aguri, kwa sababu wengi huiruka sehemu ya mwanzo. Kabla hajautaja umaskini wala utajiri, anaomba aondolewe ubatili na uongo, nami naamini haja hizo mbili hazikukaa pamoja kwa bahati. Kuna uongo usiotamkwa kwa kinywa, bali huvaliwa, hupikwa, hupangishwa na kuendeshwa barabarani, na uongo huo ndio unaotugharimu zaidi. Kamati ya harusi inapokaa, sare huchaguliwa na wenye uwezo, na yule asiye nao hathubutu kusema hana, basi anakopa ili rangi ya nguo yake ilingane na ya wenzake kwenye picha. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na walisema hivyo zamani, wakati mkopaji alipolazimika kwenda kwa mtu, kubisha hodi, kuamkia na kujieleza, na ile haya ya mlangoni ikampa nafasi ya kufikiri mara ya pili. M-Pesa ilianza mwaka 2007, mikopo ya simu ikafuata mwaka 2012, na mwaka 2019 ikaja Fuliza, ambayo humwezesha mtu kulipa ijapokuwa salio lake halitoshi, kisha deni hukatwa zinapoingia fedha nyingine. Huduma hizi zimewafaa wengi, hasa penye mgonjwa wa usiku au mzazi aliye mbali, na sina neno nazo. Ninachosema ni kwamba ile hodi imeondoka, na kila mmoja wetu hana budi kujibishia hodi mwenyewe.

Mtazame abiria anayevuka Likoni jioni ya mwisho wa mwezi, amesimama katikati ya umati karibu na mikokoteni na baiskeli. Simu inalia: ujira umeingia. Feri haijafika ng’ambo, na ujumbe wa pili umekwisha kuja: deni limekatwa, lililobaki ni hili. Anapanda mteremko kuelekea kwenye matatu akipiga hesabu kichwani, na kabla hajapata kiti ameshaamua atakopa wapi tena ili mwezi ufike mwisho. Huyu si mvivu wala si mlevi, na huenda ni mwimbaji wa kwaya. Mara nyingi mshahara wake umeongezeka kuliko wa miaka mitano iliyopita, lakini kila nyongeza ilipokuja ilikuta imekwisha kuwekewa matumizi, kwa sababu hapakuwa na siku ambayo yeye na mkewe walikaa wakasema: hiki ndicho kinachotutosha.

Hapo ndipo maneno “kadiri yangu” yanapotubana. Aguri hakuomba chakula kilicho kadiri ya jirani yake, wala kadiri ya mtu anayevuka Daraja la Nyali kwa gari la kifahari, wala hakumwachia Mungu hesabu isiyo na ukomo. Aliijua kadiri yake kiasi cha kuweza kuiombea. Wengi wetu tukiulizwa leo ni kiasi gani kinachoitosha nyumba yetu kwa mwezi, tutataja kiasi kinachozidi kidogo kile tunachopata, na tukiongezewa tutataja kingine kinachozidi kidogo hicho. Mwandishi wa kitabu cha Mhubiri aliliona jambo hili aliposema kwamba apendaye fedha hatashiba fedha. Kutosheka hakutokani na wingi wa fedha zinazoingia. Huamuliwa kabla hazijafika, kwa akili iliyotulia na mbele za Mungu, kwa maana zikishafika mkononi zenyewe hutoa ushauri, na ushauri wa fedha ni ule ule siku zote.

Wana wa Israeli walifundishwa somo hili jangwani kwa chakula chao cha kila siku. Kutoka 16 inaeleza kwamba kila mtu aliagizwa aokote mana kadiri ya ulaji wake, pishi moja kwa kichwa, na walipoipima, aliyeokota kingi hakubakiwa na kitu, na aliyeokota kichache hakupungukiwa. Walioibakiza hadi asubuhi kinyume cha agizo waliikuta ina mabuu na inanuka. Mtu anayeishi Mombasa bila friji mwezi wa Februari hahitaji mhubiri wa kumfafanulia mstari huo: samaki aliyenunuliwa asubuhi kwa wingi kupita haja, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri, ifikapo jioni huwa amekwisha kuwatangazia majirani. Hata hivyo tusiigeuze habari hii kuwa katazo la akiba. Siku ya sita waliagizwa waokote maradufu kwa ajili ya Sabato, na mana ya siku hiyo haikuoza. Kuweka karo ya mtoto si sawa na kurundika, na mwenye upatu wa wanawake unaokwenda kwa uaminifu asione haya.

Ninaye katika mawazo yangu mama mmoja wa ushirika wetu wa nyumba kwa nyumba, ambaye huamka saa tisa usiku kukanda unga wa mahamri kwa tui na iliki, huku mbaazi zikichemka pembeni. Kufikia saa tatu asubuhi sufuria zake huwa tupu. Halafu hukaa kwenye kigoda na kuhesabu fedha mbele ya makopo matatu ya maziwa ya unga. Kopo la kwanza hupokea fedha za unga, nazi na mkaa wa kesho, na mwanawe akiomba chochote kutoka humo hujibiwa, “Hiyo si yangu, ni ya unga.” La pili ni la sadaka na la kumfaa mtu. La tatu ndilo la nyumbani, na mboga ya siku hiyo hutegemea lilivyo, hata kama ni mchicha siku ya tatu mfululizo. Mtoto wake mkubwa alipoingia sekondari, aliongeza kiasi cha unga na kumwajiri binti wa kumsaidia, kwa kuwa kadiri ya nyumba yake ilikuwa imebadilika kweli. Shemeji yake alipomshauri akope afungue mkahawa, alikwenda nyumbani, akaomba, akapiga hesabu, akakataa. Kwamba mwingine angeweza kukubali bila kutenda dhambi, mimi sina shaka. Jambo lililonigusa ni kwamba yeye alikuwa na kipimo cha kukatalia.

Lile kopo la pili linastahili maneno zaidi. Paulo alipokuwa akiwahimiza Wakorintho wachangie watakatifu wa Yerusalemu, alirudi kwenye habari ile ile ya mana. Katika 2 Wakorintho 8:13-15 anaeleza kwamba hataki wengine wastarehe na wao wadhikike, bali kuwe na usawa, wingi wao uwafae wenye upungufu kwa wakati huo, na siku nyingine wingi wa wale uwafae wao. Tazama jambo hili linavyohitaji kadiri. Mtu asiyejua kinachomtosha hawezi kamwe kuuona wingi wake, kwa sababu kwake kila kilichopo ni pungufu, na sadaka atakayotoa itakuwa ile iliyosalia baada ya kila tamaa kushiba, nayo huwa haisalii. Nimeona matanga katika mitaa yetu ambako watu wa kipato cha vibarua walichanga haraka kuliko wenye mishahara mikubwa, na sidhani walikuwa na mioyo mizuri zaidi kwa asili. Walijua tu kwamba leo wamekula, na kwamba hiyo nyingine inaweza kutoka.

Nisieleweke vibaya hapa, kwa maana mafundisho ya kuridhika yametumiwa vibaya na watu wasioyafuata wenyewe. Aguri aliomba asipewe utajiri, na kwa pumzi hiyo hiyo aliomba asipewe umaskini, kwa kuwa aliuona unavyoweza kumfikisha mtu kwenye wizi na kulichafua jina la Mungu. Hakuuita umaskini utakatifu. Mhubiri anayemwambia fukara kwamba ufukara wake ni baraka amekosea sawasawa na yule anayemwambia tajiri kwamba utajiri wake ni ushahidi wa imani. Yohana Mbatizaji alisema “mtoshewe na mishahara yenu”, lakini katika Luka 3:14 maneno hayo waliambiwa askari, watu waliokuwa na silaha na uwezo wa kumdhulumu raia. Mwajiri aliyezuia ujira hapewi mstari huo autumie kumnyamazishia mfanyakazi wake. Wake yeye ni Yakobo 5:4, unaosema kwamba ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mji wetu unaijua kelele hiyo. Januari mwaka 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli, pamoja na wengine wengi wa Mombasa, waligoma kwa sababu ujira haukulingana na gharama ya kuishi, na sidhani kama Aguri angewakemea, kwa maana walichodai kilikuwa kadiri yao.

Juma hili, basi, naomba kila nyumba itenge jioni moja, televisheni ikiwa imezimwa, mume na mke wakae na daftari, na anayeishi peke yake amwite rafiki anayemwamini. Waandike kinachoitosha nyumba yao kwa mwezi: kodi, chakula, nauli, karo, dawa, sadaka, akiba. Wakifika kwenye mambo ambayo wamekuwa wakiyalipia ili tu waonekane, wasiyafute kwa hasira usiku huo huo, bali wayawekee alama na kuyaombea, wakianza na haja ya kwanza ya Aguri kabla ya ile ya pili. Wenye madeni ya simu wayaandike yote, hata yale ambayo mwenzao hakuyajua. Najua jioni hiyo inaweza kuwa ngumu katika baadhi ya nyumba, na wazee wa ushirika wamekubali kuwatembelea watakaowaita.

Wiki iliyopita ndugu mmoja aliniuliza baada ya ibada kama ni dhambi kuomba nyongeza ya mshahara. Nilimjibu aiombe, kwa Mungu na kwa mwajiri wake, lakini amwambie Mungu pia atakachofanya nayo ikija. Alicheka, akasema sehemu hiyo ya pili hajaifikiria.

Juma lijalo tutasoma Wafilipi 4:10-20, ambapo Paulo, akiwa kifungoni, anawashukuru Wafilipi kwa vitu walivyomtuma Epafrodito amletee, na papo hapo anawaambia kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo. Tafadhali someni sura yote kabla ya kuja, na mwenye daftari aje nalo.