Kabla ya Kuwapeleka Wanafunzi Kampala

Mwalimu mkuu aliponituma Kampala wiki tatu kabla ya safari ya wanafunzi wetu, agizo lake lilikuwa fupi: nitafute malazi ya bei nafuu, nione yatakayoonekana, nirudi na hesabu. Nilikubali upesi, kwa kuwa nafundisha Kiswahili na niliamini lugha haitanipiga chenga popote Afrika Mashariki.

Kutoka Kisumu hadi Busia sina la kusimulia. Mpakani nilibadilisha pesa kwa kijana mmoja aliyehesabu noti kwa kasi ya mashine, na nilipozihesabu tena garini nikakuta elfu kumi za Uganda zimeyeyuka. Chumba nilichopata Kampala kilikuwa ghali na bomba lake lilikohoa usiku kucha.

Asubuhi nikaenda soko la Nakasero. Nilimkuta mama mzee aliyevaa gomesi, gauni refu la wanawake wa Uganda, akipanga ndizi zake, nikamuuliza kwa sauti ya darasani: "Mama, hizi ni pesa ngapi?" Hakuniangalia. Nikarudia, nikidhani hakusikia. Kijana wa kibanda cha jirani akaninong'oneza kwamba sijamsalimu, tena nimeanza na lugha ya askari. Nilitaka kumbishia, lakini mama mwenyewe akanijibu kwa Kiswahili safi: "Simama! Toa kitambulisho! Ndicho Kiswahili nilichofundishwa barabarani, wakati wa Amin."

Mimi, ambaye huwaambia wanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha ya udugu, nilikosa neno.

Akanihurumia, akanifundisha salamu za Kiganda. Asubuhi husema "Wasuze otya, nnyabo?", yaani umelalaje, mama. Mwenzako hujibu "Bulungi", naye huuliza yeye pia, kisha mnaguna "mmm" kwa zamu, taratibu, kana kwamba kila mmoja anaonja usiku wa mwenziwe. Niliguna mapema mno, akaniamuru nianze upya. Wateja wawili walisubiri bila kulalamika. Wakati huo akaja mjukuu wake kuleta chenji, akapiga magoti kwenye saruji yenye maji ndipo akamsalimu. Nikawawaza wasichana wangu: nani kati yao atakubali? Sidhani inafaa kuwalazimisha, ila wakicheka nitaona haya kuliko wao.

Aliposikia natoka Kisumu, mama alicheka: "Kumbe ni kwetu!" Hilo sikuweza kulipinga, maana hadi 1902 Kisumu ilikuwa sehemu ya Uganda, na reli iliyofika ziwani kwetu 1901 iliitwa Reli ya Uganda. Mambo hayo tunayakariri kwa ajili ya mtihani tu.

Makaburi ya Kasubi, walikozikwa Kabaka wanne, yaani wafalme wa Buganda, niliyatembelea mchana. Nyumba kuu iliungua mwaka 2010, na imejengwa upya kwa nyasi na matete. Huingii na viatu, na mwanamke aliyevaa suruali hufungwa kitambaa kiunoni. Nikaandika daftarini: kila msichana aje na leso yake, kwa maana sitaki kulipia za kukodi.

Siku ya kurudi, mpakani nilimkuta yule kijana wa noti. "Osiibye otya, ssebo?" nikamsalimu, yaani umeshindaje, bwana, kwa kuwa jua lilishapinda. Akashangaa, akaitikia. Tuliguna mpaka "mmm" ya mwisho. Kisha nikahesabu noti zangu mara tatu mbele ya macho yake.