Nilivyoandaa Usiku wa Shiva Ashramuni

Kazi yangu katika ashram ile ya Bengali, India, yaani nyumba ya watawa wa Kihindu, ilikuwa ghala la ibada, chumba kilichoko ubavuni mwa hekalu ambamo maua huchambuliwa, liwa husagwa na masinia hupangwa kabla ya kumfikia mpujari, yaani kuhani anayeongoza ibada. Nyumba ni ya mila ya Ramakrishna, mtakatifu wa Kihindu (1836–1886), ambayo makao yake makuu ni Belur Math, ukingoni mwa mto Hooghly jirani na Kolkata, kwenye ardhi iliyonunuliwa mwaka 1898. Nachagua kueleza Mahashivaratri, usiku mkuu wa mungu Shiva, kwa sababu ndiyo sikukuu inayombana mwenye ghala kuliko zote: ibada nne kamili ndani ya usiku mmoja, na wahudumu wote wamefunga.

Sikukuu haifuti ratiba ya kila siku, huongezwa juu yake. Watawa huamka kabla ya alfajiri, mlango wa patakatifu hufunguliwa kwa taa na wimbo, kisha kila mtu hukaa kimya katika tafakuri. Ramakrishna hutunzwa pale kama bwana wa nyumba aliye hai: huamshwa, hupewa maji, huletewa chakula, na adhuhuri milango hufungwa apumzike. Jua likizama huja ibada ya taa, na huimbwa wimbo uliotungwa na Vivekananda mwenyewe, mwanafunzi mkuu wa Ramakrishna. Sinia la jioni lina taa ya tambi tano, maji ndani ya kombe la baharini, kitambaa, maua, na kipepeo cha singa za mnyama aitwaye yaki. Tatizo la Shivaratri linaanzia hapo, kwa kuwa usiku hugawanywa duru nne, moja kwa kila ibada, na duru ya kwanza nayo huanza jua likizama. Dawa yake ni rafu mbili. Ya juu ni ya taa ya jioni, haiguswi na kazi ya Shiva. Ya chini ina masinia manne ya usiku, kila moja na namba yake. Taa ya jioni ikimalizika ndipo sinia la kwanza linapoingia, hata kama duru imekwisha kula nusu saa.

Saa hupatikana kwa hesabu. Chukua muda kati ya machweo na mawio, ugawe kwa nne. Majira ya sikukuu hii, Februari au Machi, Kolkata jua huzama karibu saa 11:40 jioni na kuchomoza karibu saa 12:05 asubuhi, hivyo duru moja ni kama saa 3 na dakika 6. Duru ya pili huanza karibu saa 2:45 usiku, ya tatu saa 5:50, ya nne muda mfupi kabla ya saa 9. Nilikuwa nabandika saa hizo mlangoni, maana ifikapo usiku wa manane hakuna anayeweza kujumlisha. Na kwa waliokulia Mombasa: kalenda za Kigujarati huuweka usiku huu katika mwezi wa Maha, Bengali husema Phalgun. Msihangaike, usiku ni uleule, wa 14 wa mwezi unaofifia.

Majani ya bilva, mti mtakatifu wa Shiva, ndiyo yanayokula muda. Yanatakiwa majani ya ncha tatu juu ya kikonyo kimoja, yasiyo na tundu la mdudu, yasiyochanika, ncha zote tatu zikiwa zimeshika. Idadi ni 108 kwa kila duru, jumla 432. Mimi nilikuwa nachuma kama 600, kwani robo hivi huanguka kwenye uchambuzi. Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba mila inakataza kuchuma bilva siku ya 14 ya mwezi, na siku hiyo ndiyo Shivaratri yenyewe. Kwa hiyo huchumwa siku inayotangulia, kabla ya 14 kuingia, na siku za mwezi huweza kuingia saa yoyote ya mchana au usiku. Tazama almanaki, usitegemee tarehe ya ukutani. Ukishachuma, osha, kung'uta maji, kata kifundo kigumu kilicho mwisho wa kikonyo, kisha panga majani yakitazama upande mmoja ndani ya kitambaa chenye unyevu. Kitambaa kiwe na unyevu tu. Kikiwa kinatiririka, majani huwa meusi kufikia asubuhi. Mpujari huliweka jani kifudifudi, uso wake laini ukigusa lingam, jiwe linalomwakilisha Shiva, kwa hiyo ukimpangia yote upande mmoja unampunguzia kugeuza jani moja moja gizani. Yakipungua, si balaa: bilva iliyokwisha kutolewa huruhusiwa kuoshwa na kutolewa tena, jambo ambalo ua la kawaida halina.

Lingam yetu ilikuwa jiwe la mto Narmada, lililosuguliwa na maji ya mto hadi likawa laini, urefu wake kama shubiri. Kila duru ina kiowevu chake na jina lake la Shiva. Ya kwanza ni maziwa, kwa jina la Ishana. Ya pili mtindi, Aghora. Ya tatu samli, Vamadeva. Ya nne asali, Sadyojata. Mikoa mingine ina mpangilio mwingine, mfuate mpujari wako. Kwa jiwe la ukubwa ule nilitenga nusu lita ya maziwa mabichi ya ng'ombe, robo lita ya mtindi uliopigwa kidogo na kuchujwa ili usidondoke mabonge, vijiko vikubwa 6 vya samli, na asali kiasi hichohicho. Juu ya hayo, kila duru ina lita 2 za maji ya kusuuzia. Maji ya Ganga, mto mtakatifu, huja na tope, kwa hiyo hutekwa siku moja kabla, yakaachwa yatulie, kisha humiminwa taratibu kupitia kitambaa.

Vyombo viwe vya chuma cha pua au fedha. Shaba nyekundu inafaa kwa maji matupu, ila maziwa na mtindi havitiwi humo. Mila inakataza, na hata bila mila asidi ya mtindi hula shaba, ukapata kitu cha kijani chenye uchungu, na kitu hicho baadaye watu hukinga viganja wapewe wanywe. Kuhusu kunywa, nilisimama imara katika jambo moja: maziwa na asali ya kugawia waumini yalichanganywa na maji yaliyochemshwa na kupoa, yakabarikiwa katika bakuli lake. Yaliyopita juu ya jiwe na kushuka kwenye beseni pamoja na maji ya mto yalimwagwa shinani mwa miti. Heshima kwa Ganga haimkingi mtu na kuhara.

Duru ya tatu ndiyo ngumu. Ni usiku wa manane, kuna ubaridi, na samli imeganda kwenye kikombe. Usiiweke motoni. Weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto robo saa kabla, ikoroge mpaka iwe angavu, uipeleke ikiwa vuguvugu. Ikishamiminwa, jiwe linakuwa na utelezi na maji yanateleza juu yake bila kusafisha kitu. Liwa halitashika, na majani ya bilva yataporomoka moja baada ya jingine mbele ya umati. Kinachoondoa samli ni unga wa dengu. Vijiko viwili vilivyokorogwa kwa maji ya vuguvugu, mpujari anasugua kwa kiganja, anasuuza, anafuta kwa kitambaa kikavu. Maji ya moto kabisa hayafai, hasa pale lingam iliposhikizwa kwenye kitako chake kwa mchanganyiko wa utomvu na nta, ambao hulegea. Samli iliyoshuka huganda tena kwenye mdomo wa mfereji unaotoa maji kitakoni, na duru ya nne ikaanza maji yakirudi nyuma. Hapo ndipo birika la maji ya moto lina kazi, limwagwe mferejini tu, mara baada ya kusuuza.

Mfereji huo nao una adabu yake. Hutazama kaskazini, na hauvukwi. Hata anayeizunguka lingam hufika ukingoni mwake akarudi alikotoka. Kwa hiyo meza ya masinia hukaa kusini, na msaidizi hupita upande huo tu. Ukiiweka kaskazini utamlazimisha kuvuka usiku kucha akiwa na vyombo mkononi.

Liwa husagwa kwa mti wa msandali mweupe juu ya jiwe, kwa matone ya maji. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hili. Lakini saga mara nne, kidogo kidogo, kwa sababu lililosagwa jioni hupasuka likikauka. Katika maua, datura hupendwa sana kwa Shiva, na ni sumu mmea mzima: lina kapu lake, mbali na matunda, na aliyelichambua ananawa kwa sabuni kabla ya kushika kisu. Ua la mkadi halitolewi kwake, wala tulsi, aina ya mrihani. Ua lililonuswa au kuanguka sakafuni huwekwa pembeni, na chakula cha kutolewa hakionjwi. Chumvi hupimwa kwa kijiko na imani.

Wahudumu wamefunga tangu alfajiri, wengine bila hata maji. Nilimwambia Maharaj, yaani mtawa, msimamizi mapema kwamba wakata matunda na wabeba maji wanywe maji na wale ndizi, akakubali bila neno. Mtu mwenye kizunguzungu na kisu kikali saa 8 usiku hana faida kwa yeyote. Ukumbini watawa huimba kwa ngoma na matoazi. Usiku huu una uzito wake katika nyumba hizi: Ramakrishna, angali mtoto kijijini Kamarpukur, alipewa kuigiza Shiva katika mchezo wa Shivaratri, akapotewa na fahamu palepale.

Asali ya duru ya nne huleta sisimizi wakati watu wamechoka. Suuza mara mbili, futa kitako na sakafu, funga mtungi. Maua na majani yaliyotolewa huenda kwenye shimo la mboji nyuma ya bustani, siyo mtoni. Mfungo hufunguliwa jua likishatoka, kwa matunda na choroko zilizolowekwa, kabla ya kitu chochote cha mafuta. Na kwa kuwa taa ya alfajiri ya hekalu haikuahirishwa, sinia lake liwe limepangwa tangu duru ya tatu, kwenye rafu ya juu, likiwa na tambi mpya na kafuri ndani ya kopo lililofungwa.